Kabla Hujamwambia Mwenzio "Kisome Hiki"

Ukikaa na watu wanaopenda kusoma, salamu hazichukui muda mrefu kabla ya kufika swali hili: "Sasa hivi unasoma nini?" Sisi tuko wanne, tulisoma sekondari pamoja hapa Kiomboi, na swali hilo tunaulizana kila tukikutana. Mmoja ni mwalimu wa baiolojia, mmoja muuguzi, mmoja ana duka la pembejeo karibu na soko, na mimi ndiye niliyebaki chuoni nikihangaika na utafiti. Kila mtu ana ugonjwa wake. Mwenye duka hupendekeza vitabu vya kutajirika, muuguzi hupendekeza riwaya, mwalimu hupendekeza chochote chenye neno "mageuzi" ndani yake. Ugonjwa wangu mimi ni kupendekeza vitabu ambavyo sijavimaliza.

Leo nataka kuhakiki kitabu kimoja, na pamoja nacho nihakiki namna tulivyokipendekeza kwa wenzetu. Kwa kawaida mambo haya mawili tunayatenganisha: mhakiki anasema kitabu ni kizuri au kibaya, halafu wasomaji wanapeana wenyewe. Kwa vitabu vya sayansi hapa kwetu sidhani kama yanatenganishika, na nitakueleza kilichonifundisha hivyo. Si jambo la kujivunia.

Kitabu chenyewe ni Burn cha Herman Pontzer, mwanaanthropolojia wa Marekani, kilichotoka mwaka 2021. Kilitufikia kupitia kwa mwalimu, kikiwa faili kwenye simu, na sikuuliza faili hilo lilitoka wapi. Ujumbe aliokiambatanisha nao ulikuwa mfupi: "Hiki kinahusu majirani zetu. Mazoezi hayapunguzi mwili, wamepima kwa Wahadzabe. Kisome."

Kama hujafika huku, Kiomboi ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega unashuka Misigiri, unakata kuingia ndani. Wahadzabe wako watu elfu moja na kitu tu, na wengi wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, upande wa Arusha na Manyara. Lakini wapo pia Singida, katika vijiji kama Munguli, Wilaya ya Mkalama, ambayo ilimegwa kutoka Iramba yetu hii. Sasa mtu akikuambia kuna kitabu kinasomwa duniani kote na kimejengwa juu ya vipimo vya watu hao, utakiacha? Nilikifungua usiku uleule.

Kitabu kinasema nini hasa

Swali la Pontzer ni la kawaida kabisa. Mhadzabe anawinda, anachimba mizizi, anapanda mibuyu kufuata asali, anabeba maji na kuni. Katika utafiti ambao Pontzer na wenzake walichapisha mwaka 2012, wanaume walikuwa wakitembea karibu kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Mfanyakazi wa ofisini Marekani anatoka kitandani kwenda kwenye gari, kwenye kiti, kisha kwenye kochi. Kila mtu, pamoja na watafiti wenyewe, alitegemea kwamba Mhadzabe anachoma nishati nyingi zaidi.

Walichofanya ni kupima badala ya kukisia. Njia waliyotumia ni nzuri kiasi kwamba ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha nne aielewe. Unampa mtu maji ya kunywa ambayo sehemu ya haidrojeni na oksijeni yake ni zile nzito. Hazina mionzi wala sumu, ni nzito tu kuliko za kawaida, kwa hiyo mashine maalumu inaweza kuzitambua. Haidrojeni nzito itatoka mwilini kwa njia ya maji: mkojo, jasho, unyevu wa pumzi. Oksijeni nzito itatoka kwa njia mbili, yaani kwa maji hayohayo na pia kwa kabonidayoksaidi unayoitoa ukipumua. Ukikusanya mkojo kwa siku kadhaa utaona oksijeni nzito inapungua haraka kuliko haidrojeni nzito. Tofauti hiyo inakupa kiasi cha kabonidayoksaidi kilichotengenezwa, na kutokana nayo unakokotoa nishati iliyotumika. Mtu anaendelea na shughuli zake porini. Hafungiwi kwenye chumba wala havalishwi kitu chochote usoni.

Walipima watu wazima 30. Wanaume walitumia takribani kalori 2,600 kwa siku na wanawake takribani 1,900 (nasema kalori zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula). Wakishalinganisha kwa ukubwa wa mwili, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya Wahadzabe na watu wazima wa Marekani na Ulaya.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu anayetembea kilomita 11 na mtu anayekaa kutwa wanachoma karibu sawa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwenye kutembea, mwili unabana kwingine: kwenye kinga inayowaka bila ugonjwa, kwenye homoni za msongo, hata kwenye homoni za uzazi. Kwa hiyo mazoezi peke yake hayana nguvu kubwa ya kupunguza uzito kama tulivyodhani. Unene, anasema, unatokana zaidi na tunachokula.

Kama kitabu cha sayansi kwa msomaji wa kawaida, hapa Burn ni kitabu bora. Pontzer anajua kusimulia. Anakuonyesha mtafiti akihangaika na vichupa vya mkojo katikati ya pori, anaeleza kwa nini kipimo hiki na si kile, na anakubali waziwazi kwamba yeye mwenyewe alitegemea jibu jingine. Vitabu vingi vya aina hii humpa msomaji jibu tu. Hiki kinakuonyesha jinsi jibu lilivyopatikana, na ndiyo sababu nilipofika ukurasa wa themanini hivi nilikuwa nimeshalewa.

Ujumbe wa sauti wa dakika tatu

Mama mdogo wangu anaishi hapahapa Kiomboi. Ana kisukari cha aina ya pili, kile kinachokuja ukubwani. Kliniki walimwambia, pamoja na dawa, atembee nusu saa jioni, siku nyingi za wiki. Alikuwa anafanya hivyo na kanga yake kiunoni, anatoka nyumbani hadi kwenye ule mteremko, anarudi. Majirani walimzoea.

Usiku ule wa ukurasa wa themanini nikamrekodia ujumbe wa sauti. Nilikuwa na furaha, nikaeleza haraka: kuna kitabu, kinahusu Wahadzabe, wamepimwa, kumbe kutembea kote kule hakuwafanyi wachome zaidi kuliko Mzungu wa ofisini. Nikamalizia kwa kicheko. Dakika tatu. Nikalala.

Baada ya miezi miwili nikarudi nyumbani. Shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, nikaletewa ugali na mlenda. Baada ya kula akanionyesha daftari lake la kliniki. Sukari ilikuwa imepanda. Nikamuuliza, dawa unakunywa? Anakunywa. Na kutembea? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtego.

"Si wewe uliniambia kitabu kinasema hakusaidii? Hata pale kliniki yule dada aliniuliza, nikamwambia mwanangu yuko chuo kikuu, amesoma kitabu."

Nilikosa pa kuangalia.

Nitakuwa mkweli kwako kama ninavyotakiwa kuwa mkweli kwenye tasnifu yangu. Sijui kama kuacha kutembea peke yake ndiko kulikopandisha ile sukari. Ulikuwa msimu wa mavuno, chakula kilikuwa kingi, na mtu mmoja si utafiti. Lakini kuacha kutembea kulitokana na mimi. Na kitabu hakikusema ache.

Niliporudi kwenye simu nikaendelea pale nilipoishia, nikakuta sura nzima inayoeleza kwa nini mazoezi ni lazima hata kama uzito haushuki gramu moja. Hoja yenyewe ni ileile ya bajeti. Kama mwili unatumia nishati kwenye misuli, inabaki kidogo ya kuwasha kinga na homoni ovyo, na huko ndiko yanakoanzia maradhi mengi. Na kwa mgonjwa wa kisukari kuna jambo la ziada ambalo fiziolojia imelijua kwa muda mrefu: misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haisikilizwi vizuri na mwili. Mama mdogo hakuambiwa atembee ili apungue. Aliambiwa atembee ili misuli yake inywe sukari. Mimi nilijibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Mahali kitabu kinapopungua

Sasa baada ya kukimaliza naweza kukihakiki kwa haki. Nina mambo matatu.

La kwanza ni nguvu ya dai. Kitabu kinaandika wazo la bajeti kwa uhakika mkubwa, na msomaji wa haraka (mimi) anaondoka akiamini kwamba mwili unafidia kila kitu. Mwaka huohuo wa 2021, baada ya kitabu kutoka, ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za watu wengi zaidi waliopimwa kwa njia ileile ya maji. Ulikuta kwamba kwa wastani, katika kila kalori 100 za ziada unazotumia kwa shughuli, mwili unafidia kama 28 kwa kubana kwingine. Maana yake 72 zinabaki kwenye hesabu. Bajeti ipo, lakini si ukuta wa zege. Kwa watu wengine kufidia ni kwingi, kwa wengine kidogo. Hili halikifanyi kitabu kuwa cha uongo. Linakifanya kuwa kitabu cha mtu anayetetea wazo lake, na hivyo ndivyo kinavyopaswa kusomwa.

La pili alilileta mwalimu, ambaye aliwahi kufundisha Mkalama. Pontzer hawachukulii Wahadzabe kama mabaki ya watu wa kale, na hilo ni jema. Hata hivyo karibu kila tunapokutana nao kitabuni wako kwenye uwindaji, asali au moto wa usiku. Mwalimu anawakumbuka pia wakiwa wazazi wanaokuja shuleni, watu wanaokula ugali wa msaada, na watu wenye hoja nzito kuhusu ardhi yao kuingiliwa na mifugo na mashamba. Serikali ilijaribu kuwakalisha vijijini tangu miaka ya 1960, na historia hiyo inagusa moja kwa moja wanachokula na umbali wanaotembea leo. Kitabu kinachotegemea miili ya watu hawa kingeweza kuwapa nafasi kubwa zaidi ya kusema.

La tatu ni lugha, na hapa ndipo uhakiki wa kitabu unapogeuka uhakiki wetu. Burn tulikisoma kwa Kiingereza. Mama mdogo anasoma Kiswahili vizuri na Kinyiramba anakiongea, Kiingereza hapana. Kwake yeye kitabu kile hakikuwa kurasa mia tatu. Kilikuwa dakika tatu za sauti yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mfasiri, mhariri na mchapishaji, nikachapa toleo langu kabla sijamaliza muswada.

Nadhani hali hii tunaishi nayo bila kuifikiria. Msomaji wa London akimwambia rafiki yake "kisome hiki", rafiki anaweza kwenda dukani akakikagua mwenyewe. Hapa kwetu, kwa vitabu vingi vya sayansi, atakayekipokea hatakisoma kamwe. Atabaki na sentensi yako. Na sentensi hiyo itatembea: kutoka kwa mwalimu kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda kwa mama mdogo, kutoka kwake hadi mezani kwa muuguzi wa kliniki, ikizidi kuwa fupi na kuzidi kuwa na uhakika kila hatua.

Kitabu chenye jalada la mfuko wa saruji

Kwenye kabati la mama mdogo kuna kitabu kingine cha sayansi, na sikuwahi kukifikiria kama kitabu cha sayansi mpaka mwaka huu. Ni Mahali Pasipo na Daktari. Kimefunikwa karatasi ya mfuko wa saruji, uti wake umeshonwa kwa uzi, na ukurasa wa mwisho una majina ya walioazima, kwa miandiko tofauti na kalamu tofauti. Kiliandikwa na David Werner, kwanza kwa Kihispania, kwa ajili ya wanakijiji wa milima ya Sierra Madre huko Mexico, kisha kikafasiriwa kwa lugha nyingi sana duniani, Kiswahili kikiwemo.

Nilikaa nacho mchana mzima nikikilinganisha na Burn. Kwa usimulizi hakifui dafu. Hakina kisa wala mtafiti anayeshangaa. Lakini kina kitu ambacho Burn hakina na mimi sikuwa nacho: kinajua mwisho wa ujuzi wake. Kila baada ya kurasa chache kinakuambia, ukiona dalili hii usihangaike peke yako, tafuta mhudumu wa afya haraka. Mwandishi aliandika akijua kwamba msomaji atafanya jambo mara tu atakapofunga kitabu, pengine usiku huohuo, pengine kwa mtoto mwenye homa.

Nacho kina upungufu wake, na ni mkubwa. Matoleo ya zamani yanaitaja klorokwini kwa malaria. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea, ikaenda kwenye SP, kisha kuanzia mwishoni mwa 2006 na 2007 ikaingia dawa mseto ya ALu. Kitabu cha afya kinachakaa maarifa hata kama karatasi zake ni nzima. Ukimwazima mtu nakala ya zamani bila kusema neno, umempa ushauri ambao nchi nzima ilishauacha.

Nikafungua ukurasa wa malaria nikiwa na wasiwasi huo. Pembeni, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika: "Sasa ni ALu. Pima kwanza." Ulikuwa mwandiko wa rafiki yetu muuguzi. Aliwahi kukiazima miaka iliyopita, na kabla ya kukirudisha alikisahihisha kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Sijawahi kuona uhakiki wa kitabu ulio mfupi na wenye faida kiasi hicho. Hakukisifu wala hakukiponda. Alisema sehemu gani isifuatwe na badala yake ufanye nini.

Kusoma kwa pamoja si jambo jipya

Wazee wa huku wanakumbuka Mtu ni Afya. Ilikuwa mwaka 1973: watu wapatao milioni mbili nchini kote walikaa katika vikundi, kwa wiki kumi na mbili, wakisikiliza kipindi cha redio, wakisoma kijitabu, wakijadiliana, kisha wakiamua la kufanya. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi, walifyeka nyasi karibu na nyumba. Kabla yake kulikuwa na Wakati wa Furaha mwaka 1971, na baada yake Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Kitabu kilichaguliwa na serikali, na hakuna aliyewauliza wanakikundi kama walikuwa wakitaka kingine. Lakini ule mpangilio ulikuwa na akili. Kati ya kusikia na kutenda kulikuwa na mazungumzo. Mtu aliweza kusema "mimi sijaelewa" mbele ya wenzake, na mwingine aliweza kusema "mbona kwangu haikuwa hivyo?" Ujumbe wangu wa sauti ulikosa hatua hiyo hasa. Uliruka kutoka sikioni hadi miguuni.

Bwana afya aliyeandika riwaya

Nilipowasimulia wenzangu yaliyotokea, muuguzi hakunilaumu. Alinipa kitabu. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, riwaya ya kwanza ya Bwana Msa mpelelezi. Nilikuwa nimekisoma shuleni nikakiona hadithi ya mauaji tu. Muuguzi alinipa sababu yake: "Huyu mwandishi alifanya kazi ya ukaguzi wa afya Zanzibar kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Soma uone anavyoshika ushahidi."

Ana hoja. Mtu ameuawa mahali panapoogopwa, na jibu liko tayari midomoni mwa watu: mzimu. Ni jibu zuri, linaeleza kila kitu, na kila mtu amelisikia kwa mtu anayemwamini. Bwana Msa na kiko chake hafungi kesi kwa sababu jibu linapendeza. Anauliza nani aliona, aliona nini, na nani anafaidika watu wakiendelea kuogopa mahali pale. Udhaifu wa riwaya kwangu ni kwamba Bwana Msa anakaa na mawazo yake hadi mwisho, sisi tunabaki kushangaa tukiwa nje ya kichwa chake. Kwenye sayansi hilo haliruhusiwi, lazima uonyeshe hesabu. Ila kama dawa ya ugonjwa wangu, kitabu kilifaa. Kiliniuliza: wewe uliona nini hasa, ukurasa wa themanini?

Angalia pia namna muuguzi alivyopendekeza. Hakusema "kizuri sana, kisome". Alisema nani aliandika, nitafute nini, na alijua kwa nini ananipa mimi na kwa nini wakati ule.

Tufanyeje basi

Tangu hapo sisi wanne tumekubaliana mambo machache, na nakupa wewe pia uyajaribu kwenu. Ukipendekeza kitabu cha sayansi, taja umefika ukurasa wa ngapi. Taja kilitoka mwaka gani, hasa kikiwa cha afya, kilimo au dawa. Sema jambo moja ambalo kitabu hakisemi lakini mtu anaweza kudhani kinasema. Kwa Burn jambo hilo ni "acha mazoezi". Na kama unayemwambia hatakisoma mwenyewe, usimtumie sauti ukaenda kulala. Kaa naye, au mpigie, umwache aulize.

Mwenye duka aliona masharti mengi. Alisema vitabu vyake vya kutajirika havitapita hata kimoja, kwa sababu hakuna anayesema kitabu hakisemi nini. Tukacheka, lakini wiki iliyofuata alikuja na kimoja akasema, "Huyu bwana anashauri kukopa ili kuwekeza. Hasemi mvua isiponyesha alizeti inakuwaje." Kwangu huo tayari ni uhakiki.

Kuhusu Burn, hukumu yangu ni hii: kisome, ukiweza Kiingereza, na ukisome chote. Soma kwa makini zaidi zile kurasa za vipimo kuliko zile za hitimisho. Ukifika kwenye wazo la bajeti kumbuka zile kalori 28 kati ya 100. Ukiwa na ndugu mwenye kisukari, anza kumsimulia kutoka sura ya mazoezi, ndipo urudi nyuma.

Mimi na mama mdogo tulifanya hivyo jioni mbili, nikifasiri, yeye akichambua dengu. Alipoelewa ile habari ya misuli kunywa sukari alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hao Wahadzabe waliopewa yale maji, waliambiwa majibu?" Ni swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi, na sikuwa na jibu la haraka. Safari hii sikulitunga.

Sasa anatembea tena hadi kwenye mteremko. Na kila nikianza kumsimulia kitabu chochote ananikatiza: "Umekimaliza?"

Kwa hiyo ukiniuliza leo ninasoma nini, nitakujibu: kitabu cha Frank Marlowe kuhusu Wahadzabe, kilichotoka mwaka 2010. Niko ukurasa wa sitini na moja. Bado sikipendekezi.